Mtoto Anayefikicha Macho: Umbo la Jicho Lipimwe, Kisha Lipimwe Tena

   Punguza moto chini ya sufuria ili chakula kisiungue, kisha vuta kiti tuzungumze kwa dakika chache.

Leo tunaanza na jambo ambalo huenda unaliona nyumbani kwako kila siku. Tuseme una mtoto wa miaka 12. Tangu akiwa mdogo macho yake humwasha, hasa wakati wa vumbi. Akiamka anayafikicha. Akitoka shuleni anayafikicha. Unamwambia, "Wacha!" naye anaacha kidogo, kisha anarudia. Mwaka jana mwalimu alikuambia mtoto haoni ubaoni. Ukampeleka dukani, akapimwa, akapata miwani. Miezi sita baadaye akasema miwani haifai. Ukaenda duka lingine, akapimwa upya, akapata miwani nyingine. Sasa hata hiyo anaivua na kuiweka mezani. Mwalimu anasema hana bidii. Jirani anasema anadeka. Nawe pesa zimekwisha.

Mama mpendwa, usimchape mtoto huyo. Huenda anasema kweli. Huenda shida yake inatokana na umbo la jicho lenyewe linalobadilika polepole, na ndiyo maana kila miwani inakuwa nzuri kwa muda mfupi tu. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi unaweza kusimamishwa. Ukichelewa, sehemu ya uoni inayopotea ni vigumu kuirudisha.

Hebu tuelewe kwanza jicho lilivyo. Mwite mtoto karibu na dirisha, umtazame jicho kutoka upande. Mbele ya ile sehemu nyeusi utaona kitu angavu kilichoviringika kama kioo cha saa. Hiyo ndiyo konea. Ni nyembamba sana. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu na kidogo zaidi. Lakini kazi yake ni kubwa. Karibu theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga, ili picha ionekane wazi, hutoka kwenye konea.

Konea yenye afya imeviringika vizuri kama mgongo wa bakuli. Sasa fikiria bakuli la plastiki lililoachwa karibu na jiko. Linalegea upande mmoja, linapinda na kutokeza. Konea yenye keratokonasi hufanya vivyo hivyo. Inakuwa nyembamba, inalegea, kisha inachongoka mbele, mara nyingi chini kidogo ya katikati. Mwanga ukipita hapo hautulii mahali pamoja. Mtoto haoni ukungu tu. Herufi moja anaiona na kivuli chake. Taa moja usiku anaiona kama ina mikia, au kama taa tatu nne zilizokaa pamoja.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza mtoto anapokaribia kubalehe au akiwa kijana. Kwa watoto huenda mbio kuliko kwa watu wazima. Mtu akifikia umri wa miaka 30 hadi 40, kwa kawaida hutulia wenyewe, lakini konea haijinyooshi tena. Kwa hiyo miaka ya kuokoa jicho ni ile ile ambayo mtoto yuko shuleni, chini ya mikono yako.

Unaletwa na nini? Si uchawi, si kusoma sana, wala si kutazama televisheni. Jambo moja ni urithi: ukiwa na mtoto mmoja mwenye shida hii, ndugu zake nao wapelekwe wakapimwe. Jambo la pili ni kufikicha macho kwa nguvu na kwa muda mrefu. Watoto wenye mzio wa macho, yaani macho yanayowasha, yanayokuwa mekundu na kutoa ute unaovutika kama nyuzi, wako katika hatari zaidi kwa sababu hawawezi kuiacha mikono yao. Na watoto waliozaliwa na hali ya Down hupata ugonjwa huu mara nyingi kuliko watoto wengine, hivyo wapimwe hata kama hawalalamiki.

Labda unauliza, "Nitajuaje nyumbani?" Zipo dalili za kuangalia. Miwani inabadilishwa kila baada ya miezi michache. Mtoto anafinya macho au anainamisha kichwa upande mmoja ili aone. Anasumbuliwa sana na mwanga wa jua. Anaandika vibaya anachonakili kutoka ubaoni, ilhali akisomewa anaelewa vizuri.

Pia kuna jaribio dogo unaloweza kufanya leo jioni. Keratokonasi kwa kawaida hushika macho yote mawili, lakini jicho moja hutangulia. Lile zuri hulifunika baya, na mtoto mwenyewe hajui. Basi mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, atazame taa iliyo mbali au maandishi ya kalenda upande wa pili wa chumba. Kisha abadilishe jicho. Muulize, "Unaona sawasawa kwa macho yote mawili? Taa ni moja au ni nyingi?" Likitofautiana jicho na jicho, usingoje likizo. Jaribio hili halitaji ugonjwa kwa jina, na mtoto akilipita bado apelekwe ikiwa dalili nyingine zipo. Kazi yake ni kukuambia tu kwamba jicho linahitaji mtaalamu.

Uende wapi? Anza kliniki ya macho katika hospitali ya kaunti au ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe. Utakutana na afisa wa kliniki wa macho au mtaalamu wa kupima miwani. Atamsomesha mtoto ubao wa herufi. Huenda akamwekea kibati chenye tundu dogo mbele ya jicho. Mtoto akisoma vizuri zaidi kupitia tundu hilo, ni ishara kwamba njia ya mwanga ndiyo yenye kasoro. Kisha atammulika kwa taa ndogo ya mkononi na kutazama mwanga unaorudi. Kwa jicho la keratokonasi, mwanga huo mara nyingi hufunguka na kufunga kama mikasi. Mtaalamu akiona hivyo, tayari ana sababu ya kutilia shaka.

Baada ya hapo mtoto huwekwa mbele ya darubini yenye mwanga mwembamba. Kidevu kinakaa kwenye kishikio, paji la uso linagusa mkanda. Hapo daktari hutafuta mistari midogo ndani ya konea, sehemu iliyokonda, au duara hafifu la rangi ya kahawia. Ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, hata wewe unaweza kuona. Mtoto akitazama chini, kope la chini linasukumwa nje na ile konea iliyochongoka. Lakini tukifika hapo tumechelewa. Nia yetu ni kuupata ugonjwa wakati jicho kwa nje linaonekana zima kabisa.

Kwa nia hiyo kuna kipimo maalumu cha kuchora ramani ya konea. Nitakueleza kinavyofanya kazi ili usikiogope. Chukua mfuniko wa sufuria unaong'aa, ujitazame. Ukiwa laini, sura yako inaonekana imeviringika vizuri. Ukiwa umebonyea mahali, sura inapinda hapo hapo. Konea nayo inang'aa. Tangu karne ya 19 madaktari wamekuwa wakiweka mbele ya jicho kibao chenye duara nyeusi na nyeupe, kisha wanatazama kivuli cha duara hizo juu ya konea. Zikiwa sawa, konea iko sawa. Zikibanana au kupinda upande mmoja, hapo pamechongoka. Siku hizi kompyuta ndiyo inayosoma duara hizo, na mashine nyingine hupiga picha za konea mbele, nyuma na unene wake.

Mtoto hachomwi sindano. Kwa kawaida mashine yenyewe haimgusi jichoni. Anatazama alama moja, anapepesa, kisha anatulia sekunde chache. Kwisha. Karatasi inayotoka ina rangi kama ramani ya milima kwenye kitabu cha jiografia. Buluu na kijani ni mahali palipolala. Manjano na nyekundu ni mahali palipoinuka. Konea ya kawaida katikati ina mkunjo wa kama dayopta 43 au 44. Ikipita 47, daktari hutilia shaka, ingawa hatoi uamuzi kwa namba moja peke yake. Hutazama pia unene, na kama sehemu nyembamba imekaa pale pale palipochongoka.

Sasa, mama, tumefika mahali ambapo ningependa usikilize kwa makini zaidi. Unakumbuka kadi ya kliniki ya mtoto? Kila ulipompeleka, muuguzi alimpima uzito na kuweka alama. Alama moja peke yake haikusema mengi. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa mzima au mgonjwa. Muuguzi alitazama mstari: je, unapanda, umelala, au unashuka? Mstari ndio uliosema kweli.

Jicho nalo ni vivyo hivyo. Kipimo cha kwanza kinasema konea iko namna gani leo. Hakisemi inaelekea wapi. Ni kipimo cha pili, kikilinganishwa na cha kwanza, kinachoonyesha kama ugonjwa umetulia au unasonga. Madaktari wengi huhesabu kwamba umesonga ikiwa mahali palipochongoka zaidi pameongezeka dayopta moja au zaidi katika muda wa mwaka, au konea imezidi kukonda. Kwenye karatasi nyingi namba hiyo ya mahali palipochongoka zaidi huandikwa Kmax. Mwombe daktari akuonyeshe kwa kidole.

Mtu mzima anaweza kuambiwa arudi baada ya miezi sita au mwaka. Mtoto mara nyingi huambiwa arudi baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu ugonjwa wake hukimbia. Na kwa mtoto aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na keratokonasi, madaktari wengi hawangoji kuona ikisonga ndipo watibu. Kwa hiyo ukipewa tarehe ya kurudi, itunze kama tarehe ya chanjo. Usiseme, "Hajalalamika, tutaenda baada ya mavuno." Jicho linaweza kubadilika bila mtoto kusema neno.

Ili vipimo viweze kulinganishwa, kuna mambo ya kuzingatia. Ikiwezekana, mtoto apimwe kwa mashine ya aina ile ile, kwa maana mashine tofauti hutoa namba zinazotofautiana kidogo. Akiwa anavaa lenzi ndani ya macho, uliza mapema aziache siku ngapi kabla ya kupimwa, kwa sababu lenzi hubonyeza konea na kuipa umbo lisilo lake. Na njiani kwenda hospitali asifikiche macho.

Jambo kubwa kuliko yote: weka karatasi. Nunua bahasha moja ngumu au faili, andika jina la mtoto, na humo uweke kila karatasi ya macho, hata ile ya duka la miwani. Mkumbuke yule mtoto wetu wa miaka 12. Alipimwa mara mbili katika maduka mawili, na kila duka lilianza upya kana kwamba hajawahi kupimwa. Kama karatasi zile zingewekwa mezani pamoja, mtu angeona ile namba ya safu iliyoandikwa CYL ikiruka juu. Namba hiyo ndiyo ya astigmatizimu, yaani kutolingana kwa mkunjo wa konea. Ikipanda haraka kwa mtoto, ni sababu tosha ya kuomba ramani ya konea.

Je, ikithibitishwa kwamba ni keratokonasi, kuna nini cha kufanya? Mwanzoni miwani inaweza kutosha. Ikishindwa, kuna lenzi ngumu zinazovaliwa ndani ya jicho. Zinaleta uso mpya laini mbele ya konea, na mtoto aliyekuwa haoni ubaoni anaweza kusoma tena. Lakini miwani na lenzi humsaidia kuona tu. Hazizuii ugonjwa kusonga.

Cha kuuzuia ni matibabu yaliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1990, na ambayo sasa yanatumika katika nchi nyingi. Konea hutiwa matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa kwa mwanga maalumu wa urujuanimno. Nyuzi za konea hushikana na kukaza, kama vile kushona upya mkeka uliolegea. Kwa njia ya kwanza iliyozoeleka, matone huchukua kama dakika 30 na mwanga dakika 30 nyingine; siku hizi zipo njia za haraka zaidi. Mtoto huwa na maumivu kwa siku chache na hutunzwa kwa dawa za matone. Lengo ni kusimamisha. Usitarajie kwamba miwani itatupwa siku inayofuata. Na hata baada ya matibabu, vipimo vinaendelea, kwa kuwa baadhi ya watoto ugonjwa hurudia kusonga.

Matibabu haya yanahitaji konea iliyobaki na unene wa kutosha. Kwa njia ya kawaida, madaktari walikuwa wakitaka isipungue maikroni 400, hali konea ya kawaida ina kama 540. Unaona sasa kwa nini kuchelewa kunafunga mlango? Ugonjwa ukifika mwisho, na konea ikapata kovu, kinachobaki mara nyingi ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki na aliyejitolea. Upasuaji huo huwasaidia watu wengi, lakini jicho lililopandikizwa linahitaji matone na uangalizi kwa miaka, na mwili unaweza kuikataa konea hiyo.

Si kila hospitali ina mashine ya kuchora ramani ya konea. Omba barua ya rufaa, na kabla ya kupanda matatu piga simu uulize mambo matatu: mashine ipo na inafanya kazi? Gharama ni kiasi gani? Bima yangu inalipia? Hapa Kenya tuna hospitali zinazojulikana kwa macho, kama vile Kikuyu, Loresho jijini Nairobi na Sabatia kule Vihiga. Kliniki yako itakuelekeza penye kipimo hicho.

Wakati unangoja, kuna kazi ya nyumbani ambayo haihitaji mashine. Mzuie mtoto kufikicha. Kumgombeza peke yake hakutoshi, kwa maana macho yanawasha kweli. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji baridi akiweke juu ya kope zilizofungwa. Mwoshe uso na mikono akitoka kwenye vumbi. Usiku asilale kifudifudi akilibana jicho kwenye mto. Mpeleke atibiwe mzio, na dawa ziwe zile alizoandikiwa yeye. Usinunue matone ya jirani dukani. Baadhi ya matone yana steroidi. Hupoza macho haraka, lakini yakitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Wala usitie maziwa ya mama, maji ya majani au chai machoni. Konea iliyokonda haivumilii uchafu.

Nikuonye pia juu ya jambo la dharura. Mtoto au kijana mwenye keratokonasi anaweza ghafla kupata maumivu, uoni ukafifia na konea ikawa nyeupe kama maziwa. Maji yameingia ndani ya konea iliyopasuka upande wa ndani. Siku hiyo hiyo mpeleke hospitali. Nawe msichana au mama kijana uliye na keratokonasi, ukishika mimba mwambie daktari wa macho, kwa sababu konea inaweza kubadilika haraka zaidi wakati wa ujauzito.

Kabla sijakuaga, turudie kwa ufupi. Mtoto anayefikicha macho kila siku apelekwe kliniki. Mtoto ambaye miwani yake inabadilika kila mara aombewe kipimo cha umbo la konea. Kipimo kimoja hakitoshi. Tarehe ya kurudi iheshimiwe. Ndugu zake nao wapimwe. Na kila karatasi iwekwe katika bahasha moja.

Madaktari watabadilika. Leo utamkuta huyu, mwezi ujao amehamishwa. Maduka ya miwani hayaulizani. Mtu pekee aliyekuwepo kila mara mtoto alipopimwa ni wewe, mama, au wewe mlezi uliyemshika mkono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa konea huonekana mapema kwa yule aliyeziweka karatasi mbili kando kwa kando. Kwa hiyo jioni hii, mtoto akimaliza kula, mwambie afunike jicho moja atazame taa. Kisha tafuta bahasha.